Sukari ya Koo la Ng'ombe

Sikuiba sukari. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanawake wa rika langu, siku hizi ni mabibi wenye wajukuu, ambao tukikutana msibani au harusini hunishika mkono na kuangua kicheko: "Ehe, mwenzetu wa sukari!" Wao wanatania. Mimi mpaka leo sioni utani. Sikuiba hata chembe, na sukari iliyoonekana kwenye testityubu yangu ilitoka kwenye koo la ng'ombe. Nitaeleza ilivyotoka, na anayetaka kucheka acheke nikimaliza.

Baba yangu alikuwa na bucha Mbalizi, kando ya barabara kuu. Wazee wake walitoka pwani wakifuata biashara, wakaishia Mbeya, na kwa kuwa Mwislamu ndiye aliyeaminiwa kisu, wakawa wachinjaji. Nimekulia nyuma ya ile meza ya bucha. Najua steki inakaa wapi, najua maini mazima na maini ya kumuuzia mtu asiyejua. Kitu kimoja hakikuuzika: koo, lile bomba la hewa lenye pete zake ngumu. Wengi waliwatupia mbwa. Mimi nilikuwa naomba kipande, nakibanika kwenye mkaa, natafuna. Kinalia mdomoni kwachu, kwachu, na mama alikuwa ananifukuza uani kwa ajili ya kelele hizo.

Miaka ya sabini ilikuwa imeanza kuzeeka nilipochaguliwa kidato cha tano katika shule moja ya wasichana mkoani Iringa, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Tulikuwa wachache darasani na wengi wa wenzangu walitoka kwenye nyumba za makarani na walimu. Wiki ya kwanza tu waliniita Binti Bucha. Nikipita mmoja anaziba pua, mwingine anauliza bei ya utumbo. Nilikuwa nawajibu bei. Niliwaambia na mizani nimekuja nayo, anayetaka kupimwa aseme.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu karibuni, mwembamba, suruali zake za bugaluu, pana miguuni, zikifagia vumbi la korido. Alijua kazi yake, sitamnyima hilo. Alifundisha kwa Kiingereza, lakini akitaka jambo liingie, au akikasirika, alihamia Kiswahili. Siku aliyoanza somo la vyakula alichora mstari katikati ya ubao. Upande huu akaandika wanga na sukari, upande ule protini.

"Mwili ni nyumba," akasema. "Protini ndiyo matofali. Sukari ni kuni za jikoni. Vinakutana kwenye sahani, vikifika mwilini kila kimoja kinashika njia yake. Nani amewahi kuona fundi anajenga ukuta kwa kuni?"

Darasa likacheka. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwetu nyumba nyingi ni za fito na udongo. Fito si kuni hizo hizo?"

Sasa darasa lilicheka zaidi, na si kwa upande wake. Mwalimu akafuta ubao, akasema tukutane maabara keshokutwa, kila mtu aje na chakula chake cha kupima. Nakiri swali lile sikuliuliza kwa elimu. Niliuliza kwa sababu sikupenda jinsi alivyokuwa na uhakika.

Wenzangu walileta viazi, ulezi, mayai, maziwa kwenye chupa ya soda. Jirani yangu wa dawati, msichana Mhehe kutoka Igowole, mpole lakini mwenye macho yasiyokosa kitu, alileta maharage. Mimi nilishuka sokoni Iringa kwa mchinjaji mmoja aliyejuana na baba, nikarudi na koo zima nimelifunga kwa gazeti. Mnataka bucha? Basi nawaletea bucha. Nililikwangua nyama na mafuta yote, nikaondoa ngozi laini ya ndani, nikabaki na zile pete nyeupe za gegedu, nikazikatakata ndogondogo kama vitunguu vya kachumbari. Wengine walihama meza. Yule wa Igowole alibaki.

Vipimo vilikuwa vitatu. Cha kwanza cha protini: gegedu langu likageuka zambarau safi, kama ilivyotarajiwa. Cha pili cha sukari: unatia dawa ya buluu, unachemsha, na kama kuna sukari ya kawaida, kwa mfano ile ya matunda, buluu inageuka nyekundu ya tofali. Langu lilibaki buluu. Mwalimu akapita, akasema vizuri, protini tupu, kaa chini uandike.

Kipimo cha tatu kilikuwa cha wale wachache ambao mwalimu aliwapa sukari ya mezani. Sukari ya mezani inajificha. Ukiitia dawa ya buluu hivi hivi, inabaki buluu, kwa sababu ni sukari mbili zilizoshikana na mshiko wao umefunika mahali ambapo dawa ingegusa. Uichemshe kwanza na asidi dakika chache, iachane. Uitulize asidi kwa magadi. Hapo dawa inageuka nyekundu. Mwalimu alisema wenye nyama wasihangaike na kipimo hicho. Kusema hivyo ndiko kulikonihangaisha. Nikatia gegedu langu asidi, nikaziba mdomo wa testityubu kwa pamba, nikaisimamisha kwenye sufuria kubwa la maji.

Gesi ya maabara ilikuwa imekwisha tangu muhula uliopita, kwa hiyo tulikuwa tunatumia jiko la maranda. Maranda yalikuja kwa lori kutoka viwanda vya mbao vya Mufindi. Unayashindilia ndani ya debe, katikati umesimamisha chupa ili ukiichomoa ibaki tundu, unawasha kwa chini. Likishashika haliambiwi ngoja. Linafuka taratibu, moto ule ule, mpaka maranda yaishe, na hayaishi haraka.

Sufuria lilikuwa ndiyo kwanza limeanza kutoa mapovu, kengele ya shamba ikalia. Zilikuwa siku za elimu ya kujitegemea, na kengele ile haikuwa na mjadala. Mwalimu mwenyewe alivua koti, akachukua jembe, tukateremka wote bondeni kupalilia mahindi ya shule. Maabara ikabaki na jiko lake. Tuliporudi jua lilikuwa linaegemea milimani, mikono imechubuka, na mimi nikakimbilia kuondoa vyombo kabla sijapewa adhabu ya uchafu. Sufuria lilikuwa bado linachemka kwa sauti ndogo, maji yamefika nusu.

Ningeweza kumwaga. Nikatia magadi, ikatoa povu mpaka ikatulia. Nikatia dawa ya buluu, nikarudisha kwenye maji ya moto. Ilianza kuwa kijani, ikawa njano, ikawa rangi ya chungwa, halafu ikatulia chini nyekundu ya tofali. Niliita kwa sauti. Hakukuwa na wa kuitika ila jirani yangu wa Igowole, aliyekuwa anaosha miguu nje. Aliingia, akatazama, akasema, "Wewe! Hiyo nyama imekula sukari saa ngapi?"

Asubuhi nilimpelekea mwalimu nikiwa na furaha ya kijinga. Aliishika testityubu, akaitazama dirishani, akainusa.

"Umetia sukari," akasema.

"Sijatia, Mwalimu."

"Kabla ya asidi ilikuwa buluu. Baada ya asidi imekuwa nyekundu. Katika shule hii kuna kitu kimoja tu chenye tabia hiyo, nacho ni sukari ya mezani. Ulitaka kunionyesha kwamba fito ni kuni, sivyo?"

Na hapa lazima nimtendee haki hata nikiwa na hasira: kwa aliyoyajua, alikuwa anafikiri sawasawa. Tabia ile kweli ni ya sukari ya mezani. Tatizo ni kwamba hakufikiria kama kuna sukari nyingine inayojua kujificha.

Wiki ile ile mtunza stoo alikuwa amelalamika kwamba gunia la sukari linapungua. Asiyeishi miaka ile hatajua maana yake. Sukari ilikuwa ya foleni na kibali. Mtu alisafiri na kilo moja akiificha katikati ya khanga kama mtoto mchanga. Sisi tulikuwa tumeshaanza kunywa uji mtupu, na shule nzima ilikuwa inamtafuta wa kumlaumu. Mkuu wa shule, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kusikika hadi bondeni, alisikia habari ya mwalimu na habari ya mtunza stoo, akazifanya habari moja.

Paredini, mbele ya shule yote, aliniita mbele. "Mnauliza uji wenu umeenda wapi," akasema. "Huyu hapa. Sukari yenu anachezea maabara."

Sikulia. Nilisema, "Sikuiba," na nikarudia kwa sauti zaidi kwa sababu wa nyuma hawakusikia. Kwa kurudia huko nilipewa adhabu ya kusugua masufuria ya jikoni. Mwalimu, ili asionekane ameonea mtu, alishuka mwenyewe sokoni, akanunua koo jingine, akafanya kipimo mbele ya Mkuu kwa taa ya spiriti, sisi tukichungulia dirishani. Asidi, dakika chache, magadi, dawa. Buluu. Buluu kabisa kama anga la Juni. Basi, akasema, mnaona wenyewe.

Masharti yakawa hivi. Nikikiri wizi paredini, nitaadhibiwa, nitahamishwa mchepuo wa sanaa, nitabaki shuleni. Nisipokiri, baba yangu ataitwa aje anichukue. Nikasema aitwe. Wakapeleka telegramu Mbalizi.

Baba alifika kwa basi, kanzu imekunjamana chini ya koti, kofia mkononi, na kikapu alichokikumbatia. Nilimpokea getini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umeshakula?"

Tulikaa chini ya ukuta wa bweni. Nikamweleza yote, koo, asidi, shamba, nyekundu, buluu. Alisikiliza akitazama viatu vyake. Nilipomaliza alisema, "Mama, kubali yaishe."

"Baba, sikuiba."

"Sijakuuliza kama umeiba. Nimekwambia kubali yaishe."

Sijui kama kuna neno lililowahi kuniuma kama lile. Afadhali angenipiga kofi. Nilimwangalia baba yangu, mtu aliyenibeba begani sokoni, nikaona hajali kama ni kweli au si kweli. Anachotaka ni kelele zikome. Akaendelea, kwa upole wake wote: "Mwaka ule walipokuja watu wa bei wakasema mizani yangu inapunja, unadhani ilikuwa inapunja? Ilikuwa sawa. Nikakubali. Kesho yake nikafungua bucha, na nyinyi mkala. Dunia mtu anapita kwa kukubali. Wewe ni mtoto wa kike, umefika kidato cha tano. Usiache shule kwa ajili ya neno."

"Wewe ulikubali," nikamwambia. "Na wateja mpaka leo wanaiangalia ile mizani mara mbili."

Haikuwa adabu. Aliweka kofia kichwani, akainuka na kikapu chake kwenda ofisini kwa Mkuu. Nami nikaenda bombani na ndoo, maana adhabu ya masufuria ilikuwa haijaisha.

Jirani yangu wa Igowole alinikuta hapo. Alinisaidia kukinga maji, akanung'unika kwa ile lugha yetu ya bweni: "Huyo mwalimu naye, kachemsha kidogo tu kama chai ya mgeni. Siku ile wewe jiko si ilibaki inawaka mpaka tumetoka kulima?"

Ndoo ilinitoka mkononi.

Dakika chache na mchana mzima. Mimi sikuwa nimechemsha gegedu langu dakika chache. Nililisahau kwenye jiko lisiloambiwa ngoja, kwa sababu ya kengele ya shamba. Mwalimu alichemsha kama anavyochemsha sukari ya mezani kwa kuwa hakuna kitabu kilichomwambia vingine. Nililoa miguu yote na sikungoja ikauke.

Ofisini niliingia bila kubisha hodi. Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, Mkuu nyuma ya meza yake, mwalimu kasimama dirishani. Juu ya meza palikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki, nikakiona nisikijali.

"Mwalimu," nikasema, "sukari ya mezani inahitaji asidi ichemke muda gani?"

"Dakika chache. Ulifundishwa."

"Langu lilichemka tangu kengele ya shamba mpaka tuliporudi. Ulilochemsha wewe halikufika hata robo ya hapo. Kile sicho kipimo changu. Chukua koo ulilonunua wewe, lililobaki. Chemsha kwa jiko la maranda, mchana kutwa. Weka na testityubu nyingine ya asidi na maji matupu, ili msiseme asidi au magadi ndiyo yenye sukari. Ufunguo wa maabara akae nao Mkuu. Mimi mniweke nje, mnifunge na kamba mkitaka."

"Binti, punguza mdomo," akasema Mkuu.

"Ikibaki buluu naondoka na baba leo leo, na nitawaambia wote kwamba niliiba."

Baba aliinua uso. Mkuu alikuwa anataka kukataa, ilikuwa wazi. Lakini mwalimu alikuwa ameshageuka kutoka dirishani. Alikuwa na hasira nami, ila kwanza alikuwa mtu wa kemia, na swali lilikuwa limemwingia. "Maranda yapo," akasema, kama anajisemea. "Mkuu, tujaribu."

Walifunga mlango wa maabara tukabaki nje kwenye benchi la korido, mimi mwisho huu, baba mwisho ule. Adhuhuri baba alitandika koti kwenye majani akaswali, akarudi akakaa. Wasichana walipita wakijifanya wana safari. Alasiri akaswali tena. Moshi wa maranda ulikuwa unatoka kwenye dirisha la juu, mwembamba, wa rangi ile ile, na mimi niliutazama nikiwaza maneno nitakayosema paredini kama itabaki buluu, maana ahadi nilikuwa nimeshatoa. Kwa mara ya kwanza niliogopa. Niliogopa kwamba labda kweli testityubu yangu ilikuwa chafu, labda palikuwa na tone la kitu, labda nimemtukana baba yangu bure.

Jua lilipoegemea walituita. Mkuu alifungua kwa ufunguo wake. Mwalimu alifanya kila kitu mwenyewe. Magadi kwenye zote mbili, povu. Dawa ya buluu kwenye zote mbili. Akazirudisha kwenye maji ya moto. Ile ya maji matupu ilibaki buluu. Ya koo ilikaa buluu pia, ikakaa, ikakaa. Halafu pembeni ikaingia kijani.

Ikawa njano, ikawa chungwa, ikawa tofali. Mwalimu aliipeleka dirishani, akaigeuzageuza.

"Sijui," akasema. "Sijui hii sukari imekaaje ndani ya gegedu. Lakini haikutoka stoo."

Jibu lake alilileta mwenyewe, muhula uliofuata, kutoka Dar es Salaam alikokwenda likizo: kitabu kinene alichoazima chuoni, akakiweka kwenye dawati langu bila salamu. Tulikisoma pamoja, polepole, mimi na yeye na yule wa Igowole. Ndani ya gegedu, kilisema kitabu, kuna uzi mrefu wa protini. Hapa na pale kwenye uzi huo kuna asidi amino moja iitwayo serini. Juu ya serini inakaa sukari moja ndogo, zailosi. Juu ya zailosi zinakaa galaktosi mbili, moja juu ya nyingine, kisha asidi ya glukuroni, na kuanzia hapo unapanda mnyororo mrefu wa sukari, jozi zinazojirudia na kujirudia, zimebeba salfeti pembeni. Minyororo ya namna hiyo imesimama mingi kwenye uzi mmoja, kama nywele za brashi ya kuoshea chupa. Ndiyo inayovuta maji na kuyashikilia, ndiyo maana gegedu ukilibonyeza linarudi, na goti la mtu linabeba gunia bila kusagika.

Sukari ile haikukaa karibu na protini tu. Ilifungwa nayo, kwa kifundo kimoja kidogo cha zailosi na serini. Na mnyororo wake una viungo vigumu kuliko kile cha sukari ya mezani. Asidi inavikata, lakini kwa saa nyingi. Haikuwa ya kuchomwa kama kuni. Ilikuwa ya kujengea. Mwalimu alipofika hapo alifunga kitabu, akasema, "Fito," na hilo ndilo lililokuwa ombi lake la msamaha. Nililipokea. Baadaye nami nilifundisha kemia Mbeya miaka mingi, na kila mwaka nilichemsha koo la ng'ombe mchana kutwa, hata gesi ilipokuwepo.

Lakini nirudi jioni ile, maana sijamaliza. Mkuu alifunga maabara, akatupeleka ofisini, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo, kwamba suala hili sasa tulifunge, na kila mtu aendelee na kazi.

"Ulilifungua paredini," nikasema. "Lifungwe paredini."

"Unanipangia kazi?"

"Ndiyo, Mkuu."

Alilifunga kesho yake kwa sentensi mbili, bila kunitazama, na palepale akanipa wiki moja ya kuchimba shimo la taka kwa utovu wa nidhamu. Nilichimba. Sijawahi kuchimba shimo kwa raha kama lile.

Ila kabla hatujatoka ofisini macho yangu yalirudi kwenye kile kifurushi cha kaki mezani. Kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa katani, kwa kifundo cha kitanzi kimoja. Nakijua kile kifundo. Ndivyo baba alivyofunga nyama za wateja.

"Hiki ni nini?" nikauliza.

Baba akasema, "Twende, mama, basi litaniacha."

"Ni fidia," akasema Mkuu. "Mzee wako alileta kilo mbili za sukari, kufidia."

Alileta. Hakuambiwa alete. Alipopata telegramu, kabla hajaniona, kabla hajanisikia, alizunguka Mbalizi na Mbeya nzima akibembeleza watu wa vibali mpaka akapata kilo mbili, akazikumbatia kutoka kwetu mpaka Iringa, kulipia wizi wa binti yake. Nilikichukua kifurushi mezani bila kuomba ruhusa. Mkuu hakunizuia.

Kituo cha mabasi kilikuwa mbali kidogo kwa miguu. Nilitembea mbele, yeye nyuma. Tulipofika basi la Mbeya lilikuwa linapakia magunia, kukawa na nafasi ya kukaa kwa mama mmoja wa chai. Chai yake haikuwa na sukari, kama ya kila mtu siku zile. Nikaweka kifurushi kwenye mapaja ya baba. Alikifungua kwa vidole vyake vizito, akachota kwa kijiko, akatia kwenye kikombe changu, akakoroga. Mama wa chai alikodoa macho kuona sukari nyingi hivyo.

Baba akajaribu kucheka. "Haya kunywa, mwizi wangu."

Ulikuwa utani. Nilijua ni utani, na nilijua alikuwa anaona aibu, na nilimpenda. Nilisukuma kikombe katikati ya meza.

"Sema kwanza," nikamwambia.

"Niseme nini, mama?"

Sikumsaidia. Utingo alianza kuita abiria wa Makambako na Mbeya. Baba aliangalia basi, akaangalia kikombe, chai ikipoa. Alikuwa na mazoea ya miaka mingi ya kukubali asiyoyafanya. Hili la kusema lililo kweli lilimkwama. Utingo akaita tena. Baba akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Hukuiba," akasema.

Nikavuta kikombe, nikanywa.